Samaki Wawili na Anemoni Mmoja



Anayefuga samaki wa baharini nyumbani mwake, kwa kweli hafugi samaki, anafuga maji. Maji yakiwa mema, samaki hujitunza wenyewe. Yakiharibika, hufa wote kwa siku moja. Neno hilo hatukulitunga sisi. Tuliambiwa na kijana wa miaka 16, mtoto wa mdogo wetu, mjini Liège nchini Ubelgiji, nasi tuliokuwa tumeshika chaki kwa zaidi ya miaka 25 tulikaa kimya tukafundishwa.

Tulikuwa huko mwaka 2019, toka mwanzo wa Septemba hadi katikati ya Desemba, kwa matibabu ya mtoto wa jicho. Jicho la kulia lilipasuliwa upesi, la kushoto likapangiwa zamu ya mbali. Mdogo wetu hufanya kazi usiku katika ghala la mizigo la uwanja wa ndege; hurudi alfajiri na kulala mchana. Mkewe huondoka asubuhi, kijana naye huenda shuleni. Basi sisi, tuliokatazwa kuinua mizigo na kuyachosha macho kwa kusoma, tuliwekewa kiti mbele ya tangi la kioo la lita 200. Kazi yetu ikawa kutazama.

Ndani yake walikuwamo samaki wawili wa rangi ya chungwa, wenye mistari mitatu myeupe iliyozungushiwa weusi. Ninyi mnawajua kwa filamu ya Nemo iliyotoka mwaka 2003. Kwa Kifaransa huitwa samaki klauni, maana wanaonekana kama wamepakwa rangi za mchekeshaji wa sarakasi. Katikati ya mawe alikaa anemoni, na hapo macho ya mgeni hudanganyika, kwa kuwa anemoni hufanana na ua: ana mguu mmoja ulioshikamana na jiwe, na juu yake minyiri mingi laini inayopepea. Lakini ni mnyama. Ana mdomo katikati, anakula, na asipopendezwa na mahali alipo huondoka, akiteleza polepole kwa ule mguu wake. Kila mnyiri umejaa vishale vidogo mno vya sumu, visivyoonekana kwa macho, ambavyo hufyatuka mara unapoguswa. Samaki mdogo wa kawaida akiangukia humo, hatoki. Samaki klauni hulala humo.

Mwingereza Cuthbert Collingwood aliandika habari za ushirika huo mwaka 1868, alipouona katika bahari ya China, na tangu siku hizo wataalamu wamekuwa wakiuliza kwa nini samaki huyu hachomwi. Sehemu kubwa ya jibu iko katika ute unaofunika ngozi yake, ambao hauviamshi vishale vile. Lakini ute peke yake haumalizi habari. Samaki klauni asiyemzoea anemoni haingii kwa kishindo. Hugusa ncha ya mnyiri kwa mkia, akaruka nyuma. Hurudi, akagusa kwa tumbo, akaruka tena. Huweza kuendelea hivyo kwa dakika kadhaa, au saa, au siku. Na akitengwa na mwenyeji wake kwa muda mrefu, siku ya kurudi huenda akalazimika kuanza upya kama mgeni. Likumbukeni jambo hilo, tutalihitaji mbele.

Wala msidhani samaki ni mpangaji asiyelipa. Baharini wako samaki wanaokula minyiri ya anemoni, na klauni huwafukuza bila kujali udogo wake. Kinyesi chake ni mbolea, kwa sababu ndani ya mwili wa anemoni huishi mwani mdogo sana unaotengeneza chakula kwa nguvu za mwanga, kama yafanyavyo majani ya mhogo, na mwani huo hutumia amonia anayoitoa samaki. Usiku samaki hujigeuzageuza katikati ya minyiri, na maji mapya yenye oksijeni hupita. Kwa ajili ya mwani huo tangi la anemoni hutaka taa kali kwa saa nyingi kila siku. Maji yakizidi joto, mwani hutoka, na anemoni hubaki mweupe kama chaki. Hilo ndilo lililoyapata matumbawe mengi ya Bahari ya Hindi, ya Kenya na Tanzania pia, mwaka 1998.

Kijana alituuliza kama samaki hao wako kwetu. Hawako. Pwani yetu ya Muanda, yenye kilomita 40 hivi, ni ya Atlantiki, na bahari hiyo haina samaki klauni hata mmoja. Wao ni wa Bahari ya Hindi na Pasifiki. Walio karibu nasi ni wale wa Zanzibar, Mafia na pwani ya Kenya, ambako yupo mmoja mwenye mstari mmoja tu mweupe, unaopita juu ya mgongo toka mdomoni hadi mkiani. (Wenzetu wa Kalemie na Moba wanao samaki wa Ziwa Tanganyika ambao Wazungu huwafuga sebuleni kwa fahari, na watoto wetu huwajua kama mboga tu. Hayo ni ya siku nyingine.)

Filamu ile haikuwaeleza namna jamaa ya klauni inavyopangwa. Katika anemoni mmoja huweza kukaa samaki kadhaa, na mkubwa kuliko wote ni jike. Anayemfuata kwa ukubwa ni dume lake. Wengine wote ni wadogo, hawazai, nao wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine. Jike akifa, dume hugeuka kuwa jike, na mdogo wa kwanza hukomaa na kuwa dume. Hans na Simone Fricke walilieleza jambo hilo mwaka 1977. Tunajua baadhi yenu watacheka hapa, na wengine watataka kulichukua kama silaha ya ubishi juu ya wanadamu. Mwacheni samaki awe samaki. Kilichotugusa zaidi ni uchunguzi wa Peter Buston, uliotolewa mwaka 2003 baada ya kazi yake huko Papua New Guinea: mdogo huuzuia mwili wake usikue hata kumkaribia aliye mbele yake. Chakula kipo, nafasi ipo, lakini akikua kupita kiasi atafukuzwa, na nje ya minyiri ataliwa. Basi hungoja, pengine kwa miaka. Sisi hatukuona mara moja kama hilo ni hekima au ni woga, na mpaka leo hatujakata neno.

Jiji lenyewe la Liège lina sehemu yake katika elimu ya samaki hawa. Watafiti wa chuo kikuu cha pale, Eric Parmentier na wenzake, walitangaza mwaka 2007 kwamba klauni hutoa sauti kwa kufunga taya ghafula, meno yakagongana. Kijana alituhakikishia kwamba usiku, pampu zikizimwa kidogo, mlio huo husikika kwa mbali kupitia kioo. Tulitega sikio mara nyingi. Pengine tuliusikia.

Sasa tuje kwenye maji. Chumvi ya kutengenezea maji ya bahari hununuliwa kwa ndoo, nayo hupimwa: gramu 35 kwa kila lita, au karibu na hapo. Joto hushikwa kwenye nyuzi 25 au 26. Maji ya bomba hayafai mpaka yachujwe, kisha ndipo yatiwe chumvi. Na kila siku maji hupungua kwa mvuke, lakini mvuke hauchukui chumvi. Basi anayejaziliza tangi kwa maji ya chumvi huongeza ukali wake siku hata siku, hali akidhani anatengeneza. Panaongezwa maji baridi, yasiyo na chumvi. Tuliwahi kuwafundisha watoto habari za mvuke kwa sufuria na mfuniko, kama tulivyoonyeshwa shule ya ualimu, lakini hatukuwahi kuona mvuke ukiwa jambo la uhai na kifo.

Tena kuna sumu isiyoonekana. Kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, inayoua. Bakteria wa namna moja huigeuza kuwa nitriti, nayo huua. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyodhuru sana. Bakteria hao hukaa juu ya mawe na mchangani, na mpaka waongezeke kutosha zapita wiki kadhaa, tangi likiwaka taa na pampu zikizunguka, bila samaki hata mmoja wa kutazama. Kwa anemoni hata hizo hazitoshi. Maji yanatakiwa yatulie miezi mingi. Kijana alingoja karibu mwaka mzima. Baba yake alitueleza, bila furaha, kwamba kwa miezi ya mwanzo alilipa umeme wa sanduku la maji na mawe.

Hapo ndipo palipokuwa na shida nyumbani mle. Baba na mwana hawakugombana. Walikuwa hawana la kuambiana. Mmoja aliamka mwenzake akilala. Mmoja alifikiri kwa Kifaransa, mwingine alichoka kwa Kiswahili. Mdogo wetu aliliona tangi kuwa mchezo wa watoto wa Kizungu, na kijana aliliona kuwa kitu pekee ndani ya nyumba kinachomtegemea yeye.

Mwezi wa Agosti, kabla hatujafika, samaki wa tatu aliongezwa. Alinunuliwa dukani, akatiwa tanginimo siku ile ile bila kutengwa kwanza. Wiki ya pili ya Septemba alionekana na madoa meupe mfano wa punje za chumvi, siku chache baadaye akafa, na madoa yakawatokea klauni wote wawili. Ugonjwa huo huletwa na kijidudu kiitwacho na wataalamu Cryptocaryon irritans. Hula ngozi na mashavu ya samaki, kisha huanguka, hujifunika ganda juu ya mawe au mchanga, na humo huzaliana. Ganda likipasuka, vijidudu vipya huogelea kutafuta samaki. Anemoni hawamdhuru. Pasipo samaki hufa kwa njaa.

Mdogo wetu aliona huzuni ya mwanawe, ingawa hakusema neno. Alfajiri moja alirudi kazini na chupa ndogo ya dawa, aliyoinunua jana yake kwa fedha zake, akaenda moja kwa moja kwenye tangi. Kijana alikuwa ameamka. Aliisoma karatasi ya chupa, akaishika mkono wa baba yake.

“Baba, hii ni shaba.”

“Shaba naijua kabla hujazaliwa,” mdogo wetu akajibu.

Ni kweli aliijua. Sisi ni watu wa Likasi. Shaba ilijenga nyumba tuliyozaliwa na kulipa karo zetu, na mdogo wetu mwenyewe, kabla ya kuhama, alifanya kazi miaka minane katika maabara ya kiwanda, akipima shaba iliyomo ndani ya vimiminika. Na muuzaji hakumdanganya: shaba huwaua vijidudu vile wanapoogelea, na samaki hupona. Ila huwaua pia wanyama wasio na uti wa mgongo. Kiasi kinachomponya samaki humwangamiza anemoni. Tena hunywewa na mawe na mchanga, hata tangi lisifae tena kwa viumbe kama yeye kwa muda mrefu. Kijana aliyasema hayo yote kwa Kifaransa cha haraka, akilia, na kwa masikio ya baba yake yalikuwa utovu wa adabu. Tuliamka kitandani kwa kelele. Tulilolifanya ni kuyarudia maneno yale yale kwa Kiswahili, polepole, basi.

Mdogo wetu aliposikia, alipiga hesabu: samaki ni wawili, anemoni ni mmoja, basi apotee yule mmoja. (Hesabu ya namna hiyo ilikwisha kupigwa Yerusalemu, mnajua na nani.) Kijana hakujibu kwa hesabu. Alituambia habari ya Mskoti mmoja, John Dalyell, aliyemwokota anemoni pwani mwaka 1828 na kumweka katika chombo cha kioo. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni alipokewa na mwingine, na mwingine tena, akafa mwaka 1887. “Huyu wetu alikatwa kutoka kwa anemoni wa rafiki yangu,” akasema, “na wa rafiki yangu alitoka kwa mwingine. Hakuna ajuaye umri wake. Anaweza kuishi kuliko sisi wote, ila sisi tukimwua.”

Kimya kikawa kirefu. Kisha mdogo wetu akauliza, “Kama si tangini, shaba hii tutaitia wapi?”

Lilinunuliwa pipa la plastiki la lita 60. Halikutiwa jiwe wala mchanga, ila kipasha joto, pampu ndogo ya hewa, na vipande vya bomba ili samaki wapate pa kujificha. Klauni wakahamishiwa humo. Shaba hutakiwa iwe karibu miligramu 0.2 kwa lita, nayo hupimwa kila mara: ikipungua kijidudu hakifi, ikizidi samaki hufa. Kipimo chake ni matone yanayobadili rangi ya maji katika kichupa, kisha unailinganisha rangi na karatasi. Kijana hakuwa na hakika na macho yake katika tofauti ndogo za rangi. Mdogo wetu alikiinua kichupa kwenye mwanga wa dirisha, mara moja tu, akataja kiasi. Tulikuwa hatujamwona akisimama namna ile tangu Likasi.

Basi akapima yeye kila alfajiri arudipo, na kijana akapima jioni. Kwa kuwa hawakukutana, paliwekwa daftari la shule juu ya pipa. Baba aliandika tarehe, saa, shaba, joto; mwana aliandika chini yake. Mwanzoni zilikuwa tarakimu tupu. Baada ya wiki mbili tuliona mdogo wetu ameongeza: “Jike hajala vizuri.” Na chini: “Amekula jioni, kamba mmoja.”

Shaba ilidumu siku 30, lakini tangi kubwa lilitakiwa kubaki bila samaki siku 76, muda ambao wafugaji wengi hushauriana ili kijidudu kiishe kabisa. Siku hizo zote anemoni alikuwa peke yake, na sisi mbele yake. Kijana alimlisha vipande vidogo vya kamba mara mbili kwa wiki; anemoni alivikunja ndani kwa minyiri, akavificha. Hatuwezi kusema kwamba alihuzunika. Mnyama asiye na ubongo msimpe huzuni zenu. Ila siku moja mwezi wa Oktoba aliung'oa mguu wake.

Hiyo ndiyo hofu kubwa ya wafugaji. Anemoni anayetembea huenda kwenye pampu, pampu humvuta na kumkatakata, na sumu yake huharibu maji yote. Mdogo wetu aliporudi saa kumi na moja alfajiri alimkuta amekaribia kiganja kimoja toka kwenye pampu. Hakumgusa, kwa kuwa mguu huo ukichanika anemoni hufa. Aliizima pampu, akavuta kiti chetu, akaketi na koti lake la kazi, mpaka kijana alipoamka saa moja. Wakapika chai. Wakafunga sifongo kwenye mdomo wa pampu, wakaiwasha tena. Kijana alichelewa shule, na baba yake akamwandikia barua ya udhuru. Hatukuambiwa aliandika sababu gani. Anemoni alizunguka siku tatu, akashika mwamba wa upande wa kulia, na hapo akakaa.

Mwanzoni mwa Desemba, siku ya 77, klauni walirudishwa, kwa saa nzima wakizoeshwa maji kwa vikombe. Ilikuwa Jumamosi, wote wapo. Jike alimpita anemoni kana kwamba hamjui. Alizunguka tangi, akakagua pembe, akarudi. Alipogusa ncha ya kwanza alitetemeka mwili mzima, akakimbilia nyuma ya jiwe. Mkewe mdogo wetu akasema samaki wamesahau, akaenda jikoni. Kijana hakuondoka, wala baba yake, ambaye alikuwa hajalala tangu jana. Jike akarudi, akagusa kwa mkia. Akarudi tena. Ilipofika saa nane mchana alikuwa ameingiza ubavu mmoja. Saa tisa na nusu aliingia wote, akajisugua huku na huku, na minyiri ikamfunika. Dume aliyekuwa akimwangalia toka mbali alianza kugusa naye. Mdogo wetu alikuwa amelala kitini. Kijana alimtikisa bega, akamwonyesha kwa kidole.

Sisi tulirejea Lubumbashi wiki iliyofuata. Mwaka 2021 anemoni yule alijigawa mwenyewe sehemu mbili, kama wa jamii yake wafanyavyo, na mmoja akapewa rafiki. Klauni hutaga mayai juu ya jiwe lililo karibu na mguu wake, na dume huyapepea kwa mapezi usiku na mchana, kwa wiki moja hivi, mpaka yaanguliwe. Kijana yuko chuo kikuu katika mji mwingine, hurudi likizoni. Daftari liko la tatu sasa, na mwandiko ni wa baba yake.